Kutengeneza, kuzalisha, kuunda au kusindika: lipi linaifaa bidhaa yako?

Mwenye karakana ya majiko anaandika ubao wa dukani. Kikundi cha akina mama wanaokausha maembe kinaandaa lebo. Mwandishi wa habari ametoka kiwandani na daftari lililojaa takwimu, na mfasiri ana ripoti ya uchumi mezani. Wote wanakwama kwenye kitenzi kimoja: bidhaa hii imetengenezwa, imezalishwa, imeundwa au imesindikwa? Kamusi haziwafikishi mbali, kwa kuwa mara nyingi hulieleza neno moja kwa kulitaja jingine, na msomaji anarudi palepale alipoanzia.

Mimi huhariri maandishi ya aina hii, na swali hili naliona kuwa la biashara kabla halijawa la sarufi. Neno lisilokaa vizuri humletea fundi mteja asiyemtarajia. Humfanya mkaguzi aanze kuuliza maswali. Humfanya msomaji wa takwimu aamini kuwa viwanda vimekua, kumbe kilichoongezeka ni mahindi.

Tunapima kwa nini?

Nimechagua vigezo vinne, na kila neno litapita humo humo. Cha kwanza ni picha: neno linasema malighafi imefanywa nini? Cha pili ni mahali linapokaa bila kusumbua. Cha tatu ni mahali linapoteleza, yaani msomaji anaweza kusikia nini kingine ambacho hukukusudia. Cha nne ni ukoo wake, maana lebo na ripoti hutumia zaidi majina kama *mtengenezaji* au *usindikaji* kuliko kitenzi chenyewe. Pale ambapo Tanzania na Kenya zinatofautiana nitasema, kwa sababu bidhaa na maandishi yake huvuka mpaka wa Namanga kila siku.

Kutengeneza

Picha yake inatokana na kitu *kutengenea*, kuwa sawa, kukaa katika hali inayofaa. Kutengeneza ni kukifanya kitengenee. Ndiyo sababu neno linabeba kazi mbili kwa pamoja: kufanya kipya na kurudisha kilichoharibika. Fundi wa mtaani anatengeneza redio, kiwanda nacho kinatengeneza redio. Saluni inatengeneza nywele, nyumbani tunatengeneza chai. Hata katika historia ya dini, lile vuguvugu la Ulaya la karne ya 16 tunaliita Matengenezo ya Kiprotestanti, kwa maana ya kurekebisha kilichodhaniwa kuwa kimeharibika.

Linakaa vizuri kwa karibu kila kitu kisichoota wala kuzaliwa: viatu, sabuni, betri, dawa, chupa, mabati, madaftari. Maneno *Imetengenezwa Tanzania* au *Imetengenezwa Kenya* yanaeleweka kuanzia Mombasa hadi Kigoma, na hakuna anayeyasoma mara mbili. Kwa upana huo hakuna neno linalolifikia.

Linateleza palepale penye nguvu yake. Ubao ukisema *Tunatengeneza majiko*, mpita njia ana haki ya kuja na jiko lake bovu. Ukisema *Tunatengeneza pampu za maji*, mkulima wa bustani ataleta pampu iliyokufa, na aliyetaka kununua mpya atapita bila kuuliza. Katika maeneo ya mafundi kama Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, ambako mtu mmoja anaweza kufanya kazi zote mbili, utata huo hauna madhara. Kwa anayetaka kuuza vipya tu ni hasara. Dawa yake ni ndogo: ongeza *mapya*, au andika *tunatengeneza na kuuza*, kisha kazi ya vibovu uipe neno lake, *kukarabati*.

Jina la mahali nalo huvuta maana upande mmoja. *Karakana*, neno lililotufikia kutoka Kiajemi likiwa na maana ya mahali pa kazi, masikioni mwa wengi limeegemea ukarabati. Ukisikia karakana ya reli Morogoro, unaona injini na mabehewa yanayorudishwa relini. *Kiwanda* kinavuta upande wa vipya. Kwa hiyo *Kiwanda cha majiko* kimeshaondoa nusu ya utata kabla kitenzi hakijafika. Wala usiogope kuwa kiwanda ni neno kubwa mno kwa watu sita na mashine ya kukunja bati. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ni Shirika la Kuhudumia *Viwanda Vidogo*, na waliolipa jina hilo walijua wanamhudumia nani.

Ukoo wake ndio unaostahili uangalifu mkubwa kuliko yote. *Utengenezaji* umeelekea kwenye kufanya vipya, *matengenezo* yameelekea kwenye kurekebisha. *Gharama za utengenezaji* ni malighafi, nguvukazi na umeme wa kila bidhaa. *Gharama za matengenezo* ni vipuri, grisi na fundi wa kuja kufungua mashine. Nimekuta maandiko ya kuomba mkopo ambamo hayo mawili yamebadilishana viti, na afisa wa mkopo akisoma hivyo ataona kiwanda ambacho mashine zake hazikai wiki bila kuharibika.

Linamfaa mwenye bidhaa za aina nyingi, anayeuza nje ya mkoa wake, na yeyote anayetaka neno lisilohitaji maelezo. Kenya wanalipenda hata kwa sekta nzima: chama cha wenye viwanda huko hutajwa kwa Kiswahili kuwa Chama cha Watengenezaji Bidhaa. Wenzao wa Tanzania wamejiita kwa mali yao, Shirikisho la Wenye Viwanda.

Kuzalisha

Hapa picha ni *kuzaa*. Kitu kinatoka, kinaongezeka, kinahesabika. Neno halijali sana malighafi imepitia nini, linajali kiasi kilichotoka mwisho. Ndiyo maana huja limeshikana na tani, lita, megawati na magunia.

Kwa hiyo linakaa vizuri popote penye kiwango. *Kiwanda kinazalisha tani kadhaa za saruji kwa siku* ni sentensi iliyotulia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na hapo huwezi kusema kutengeneza wala kuunda bila sikio kukwaruzwa. Mafundi wa umeme wana neno lao jingine zuri, *kufua umeme*, lililotoka kwa mhunzi anayefua chuma, na mitambo yao wanaiita mitambo ya kufua umeme. Mbegu bora nazo huzalishwa. Vifaranga huzalishwa. Maziwa, yakiwa bado kwa mfugaji, huzalishwa.

Upana huo una historia yake. Katika siasa ya Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, *uzalishaji mali* ulikuwa msemo wa kila mkutano, na ulikusanya jembe na mashine katika kapu moja kwa makusudi. SUMAJKT ni Shirika la Uzalishaji Mali la Jeshi la Kujenga Taifa, na chini ya jina hilo kuna kilimo, ujenzi, samani na huduma za ulinzi. Neno limewabeba wote wala halijapasuka.

Lakini kapu hilo ndilo linaloleta mtelezo. Ukiandika *uzalishaji umeongezeka* bila kusema wapi, msomaji hajui kama ni shambani, mgodini au kiwandani. Wanatakwimu wanayatenganisha kabisa. Katika mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa shughuli za kiuchumi, ISIC, toleo la nne la mwaka 2008, kilimo kiko fungu A, uchimbaji madini B, viwanda C, umeme D, ujenzi F. *Uzalishaji* kwa Kiswahili hupita katika mafungu hayo karibu yote. Anayefasiri ripoti hana budi kuandika *uzalishaji viwandani*, na asichoke kulirudia neno *viwandani* hata kama sentensi inarefuka.

Pana mitelezo mingine. Kwa mkunga, *kumzalisha* mama ni kumsaidia ajifungue, na mtaani *kumzalisha* binti ni kumpa mimba, kwa hiyo chunga sana kitenzi hiki kikikaribia watu. *Kiwanda kinachozalisha wanawake wengi wajasiriamali* ni sentensi ya kufuta. Vilevile kinachozalishwa si lazima kiwe kizuri: taka huzalishwa, hewa ukaa huzalishwa. Na *uzalishaji* si *tija*. Uzalishaji ni kiasi kilichotoka, tija ni kiasi hicho ukikilinganisha na saa, mikono na malighafi iliyotumika. Kiwanda kinaweza kuongeza uzalishaji kwa kuajiri watu wengi zaidi huku tija ikishuka.

Ukoo: *mzalishaji*, *uzalishaji*, *mazao* ukitaka kwenda shambani, na *mazalia* kwa mbu na samaki. Linamfaa anayeandika takwimu, mipango, habari za nishati na kilimo, na mwenye mradi unaoanzia shambani na kuishia kwenye pakiti.

Kuunda

Nenda Matondoni, kule Lamu, au Nungwi, Unguja, uone jahazi au mashua ikiundwa. Mkuku, uti wa chini wa chombo, unalazwa kwanza, mataruma, yaani mbavu zake, yanasimamishwa, mbao zinafuata moja moja, kisha nafasi kati yake zinazibwa kwa kalafati. Hakuna kilichopikwa wala kukamuliwa. Vipande vingi vimeshikana vikawa umbo jipya lenye kazi yake, na umbo hilo lilikuwa kichwani mwa fundi kabla halijawa ufukweni. Hiyo ndiyo picha ya kuunda, na naipenda kwa sababu inabeba akili na mkono pamoja.

Linakaa vizuri kwa vyombo, mashine, magari, roboti na programu za kompyuta, na kwa vitu visivyoshikika pia: kuunda serikali, kamati, maneno mapya. Gari la Nyumbu la Kibaha *liliundwa*. Nyayo Pioneer, gari lililozinduliwa Kenya mwaka 1990 baada ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi kupewa kazi hiyo, nalo *liliundwa*, japo halikufika sokoni. Kiira EV, gari la umeme la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2011, hali kadhalika.

Linateleza linapotumiwa kwa kazi ya *kuunganisha*. Viwanda vya magari vya Nairobi, Thika na Mombasa hupokea gari vipande vipande na kuviunganisha. Ni kazi ya viwanda kweli, ina ajira na ufundi wake, wala si ya kudharauliwa. Lakini kichwa cha habari kinachosema gari *limeundwa* Thika kinamwambia msomaji kuwa hata umbo limebuniwa huko. Sheria za uasili wa bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaijua tofauti hii, maana zinataja uunganishaji mwepesi na ufungashaji peke yake kuwa kazi zisizotosha kuipa bidhaa uasili wa nchi mwanachama. Ikiwa serikali zimeona haja ya kutenganisha, mwandishi naye atenganishe.

Kwa sabuni, unga au juisi, kuunda hakukai katika masikio ya Watanzania wengi. Kenya neno limetanuka zaidi, na magazeti ya huko huzungumzia *uundaji bidhaa* kwa viwanda vya kila aina. Si kosa, ni mazoea ya mahali. Ukiandikia wasomaji wa pande zote mbili, *utengenezaji bidhaa* hupita vizuri kote.

Ukoo wake ni mzuri: *muundo*, *mwundaji* au *muundaji*, *uundaji*. *Muundo* hasa ni hazina kwa mwenye karakana, kwa sababu unakuwezesha kuzungumzia ulichobuni na ulichofanya bila kutoka nje ya mzizi mmoja. Linamfaa mbunifu, mhandisi, mtengeneza vyombo na yeyote ambaye fahari yake iko kwenye umbo kuliko kwenye idadi.

Kusindika, na jirani yake kuchakata

Zamani pwani, kusindika kulikuwa kukamua mafuta kwa kubana: ufuta au nazi kavu katika kinu, na ngamia akizunguka kutwa. Maana ya leo imepanuka hadi kazi yote ya kuchukua zao la shamba, mfugo au maji na kulifanya lidumu, lisafirishike na kulika salama. Viwanda vya Mwanza husindika minofu ya sangara. Tanga Fresh ya Tanga na Brookside ya Ruiru husindika maziwa. Vikundi husindika nyanya, maembe na asali.

Kitu cha kuangalia ni kuwa baada ya kusindikwa, malighafi bado inaonekana. Maziwa yaliyosindikwa ni maziwa. Nyanya iliyosindikwa ni nyanya. Ndiyo maana hakuna anayesindika viatu, ingawa ngozi ilitoka kwa ng'ombe yuleyule aliyetoa maziwa.

Maziwa hayohayo yanaonyesha vizuri jinsi maneno yanavyogawana kazi. Mfugaji *anazalisha* lita zake asubuhi na jioni. Kiwanda *kinasindika*: kinachemsha kwa kipimo, kinapoza, kinafungasha. Sehemu inayogandishwa inakuwa mtindi, na mtindi *hutengenezwa*, kwa sababu sasa kuna kitu kipya chenye jina lake. Lebo ya mtindi inayosema *umezalishwa na* haijasema uongo, lakini imemvika kiwanda kofia ya mfugaji.

Linateleza kwa wanaofungasha tu. Mtu anayenunua mchele Kyela na kuutia katika mifuko yenye nembo yake hajausindika. Neno lake ni *umefungashwa na*, ni neno la heshima, na linamwepusha na maswali ya mkaguzi. Pia anayeandikia vijana wa mjini ajue kuwa chakula *kilichosindikwa sana* sasa kinatajwa kwa wasiwasi katika mafunzo ya lishe. Neno linaloonyesha usafi kwenye lebo linaweza kuonyesha chumvi na sukari nyingi kwenye makala ya afya.

*Kuchakata* ni jirani aliyekuja na vitu vizitovizito: mkonge, taka, taarifa, gesi. Kituo cha Madimba, Mtwara, ni cha kuchakata gesi asilia. Mipaka ya wawili hawa haijakauka bado, ila mazoea yanasema kinacholiwa husindikwa, kisicholiwa huchakatwa. Majina yao yako wazi, *usindikaji*, *msindikaji*, *uchakataji*, na ukiacha ule wasiwasi wa lishe, hayana maana za pembeni za kukusumbua. Kwa mwenye bidhaa ya chakula, huo peke yake ni utulivu mkubwa.

Kabla hujachagua: je, kazi yenyewe haina jina lake?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Maneno manne tuliyoyapima ni ya kukusanya, yanafaa pale unapotaka kutaja kazi nyingi kwa pamoja. Lakini kazi nyingi za viwandani zilikuwa na vitenzi vyake kabla hatujaanza kuandika ripoti, na vitenzi hivyo bado viko midomoni mwa wanaozifanya.

Korosho za Mtwara na Lindi *hubanguliwa*. Kahawa ya Moshi *hukobolewa*. Pamba ya Shinyanga na Simiyu *huchambuliwa*, mbegu upande mmoja na nyuzi upande mwingine, kisha nyuzi *husokotwa* na kitambaa *hufumwa*, kama ilivyokuwa katika kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968. Alizeti ya Singida *hukamuliwa*, na kinachobaki ni *mashudu* ya kulishia mifugo. Mkonge wa Tanga hupitishwa kwenye *korona*, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani yake. Matofali *hufyatuliwa*, vyungu *hufinyangwa*, samani *huchongwa*, sabuni ya magadi *hupikwa*, chokaa na mkaa *huchomwa*. Chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu kimefanyiwa kazi ya *kusubu*, neno ambalo mafundi vijana wengi hawalifahamu tena, na ningetamani walirudishe.

Ukilipima kundi hili kwa vigezo vilevile, kwa picha halina mshindani: *kubangua* kunakuonyesha ganda na kiini bila sentensi ya pili. Linakaa vizuri kwenye ubao, kwenye habari ya kiwanda kimoja, kwenye mafunzo ya ufundi na kwenye mkataba wa kazi. Linateleza kwa msomaji wa mbali. Mtu wa Kisumu huenda hajawahi kusikia kubangua, na *kufyatua* kwa asiyejua matofali ni bunduki au mtego. Ukoo wake ni wa kupapasa: *ubanguaji* na *ukoboaji* yamezoeleka, *usubuji* utakushangaza hata wewe uliyeliandika. Tena halikusanyi. Ukiwa na kiwanda kinachokamua alizeti, kusaga mahindi na kufungasha asali, ubao wako utajaa vitenzi usipokimbilia kusindika.

Linamfaa mtu mwenye bidhaa moja anayoijua sana, na mwandishi anayetaka msomaji aione kazi. *Kiwanda cha kukamua alizeti* kinaeleweka haraka kuliko *kiwanda cha uzalishaji wa mafuta*, ambacho mtu anaweza kudhani ni cha petroli.

Kwa hali yako

Kama unaandika ubao wa karakana na unauza vipya, chukua *tunatengeneza na kuuza*, uliweke pamoja na neno *kiwanda* au *mapya*. Kama unafanya kazi zote mbili, andika zote mbili, *tunatengeneza na kukarabati*, usimwache mteja abahatishe.

Kwa lebo ya chakula, jiulize umefanya nini hasa. Umekausha, umechemsha au umekamua zao: *kimesindikwa na*. Umechanganya vitu hadi vikapata jina jipya, kama biskuti, mtindi au pilipili ya chupa: *kimetengenezwa na*. Umenunua kikiwa tayari ukakitia pakiti: *kimefungashwa na*. Neno la tarehe lifuate kitenzi hicho hicho, maana lebo inayosema *imesindikwa na* juu na *tarehe ya kuzalishwa* chini inamchanganya mnunuzi na afisa wa viwango kwa pamoja. Sabuni, vipodozi, viatu na dawa hazina mjadala, ni *imetengenezwa na*.

Kwa habari ya magari, pikipiki, matrekta au simu, muulize meneja sehemu zipi zinakuja tayari na zipi zinafanywa hapo. Jibu lake litakuambia kama ni *kuunganisha* au *kuunda*. Asipotaka kujibu, *kuunganisha* ndilo neno la salama, na kama ana ushahidi wa zaidi ya hapo atapiga simu kuuleta mwenyewe.

Mfasiri wa ripoti ya uchumi aangalie anamwandikia nani. Kwa wasomaji wa Tanzania, *uzalishaji viwandani* ndio uliozoeleka. Kwa wa Kenya, *utengenezaji bidhaa*. Kwa wote kwa pamoja, chagua mmoja, ueleze mara ya kwanza kuwa haujumuishi kilimo, madini wala umeme, kisha ushikamane nao hadi ukurasa wa mwisho.

Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu kiwanda alichotembelea asianze na neno la kukusanya. Aanze na mlango wa malighafi, akitumie kila kitenzi pale kazi yake ilipo, na *kuzalisha* akiweke mwishoni atakapofikia idadi ya magunia au katoni.

Na kwa mwenye kuandika wasifu wa kazi baada ya miaka ya kiwandani: idara ya *uzalishaji* na idara ya *matengenezo* ni milango miwili tofauti. Wa kwanza alisimama kwenye mstari wa bidhaa, wa pili aliitwa mashine ilipokwama. Mwajiri anayetafuta mtu wa kufungua gia ya kinu hatakupigia simu ukijiandika mtengenezaji wa unga, hata kama kinu hicho umekifungua na kukifunga kwa mikono yako. Andika *fundi wa matengenezo ya mitambo*, kisha utaje mitambo yenyewe.